1919, 1973, 2027: Ukoo Mmoja wa Kupatwa kwa Jua Unaorudi Afrika

Tarehe 30 Juni 1973 kivuli cha mwezi kilishuka Afrika upande wa Mauritania, kikakata Sahara kupitia Mali, Niger, Chad na Sudan, kikapita kaskazini mwa Uganda na Kenya, kisha kikatokea baharini kwenye pwani ya Somalia. Watafiti walipiga kambi Loiyangalani, ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana, ambalo wakati huo bado liliitwa Ziwa Rudolf. Wenzao walipanda ndege ya Concorde, iliyoweza kwenda kasi kuliko sauti, wakaruka kutoka visiwa vya Kanari na kukifuata kivuli juu ya jangwa hadi Chad, wakadumu gizani kwa dakika 74. Aliyesimama ardhini, mahali ambapo giza lilikaa muda mrefu kuliko kote, alipata dakika 7 na sekunde 4.

Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena kikamilifu juu ya Afrika. Kivuli kitaingia kutoka Atlantiki, kipite kusini mwa Hispania, Morocco, Algeria, Tunisia, Libya na Misri, kiguse Sudan, kivuke Bahari ya Shamu hadi Jeddah na Makka, kipite Yemen na kumalizia Afrika kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Somalia. Karibu na Luxor, Misri, giza litadumu dakika 6 na sekunde 23. Matukio haya mawili yana uhusiano wa karibu sana: ni ya ukoo mmoja. Kati yake imepita miaka 54 na siku 33, na urefu huo wa muda hautokani na bahati.

Kila tunapozungumza na umma kuhusu anga, swali la kwanza huwa hili: mnajuaje tarehe miaka mingi kabla? Ni swali zuri, na jibu lake halihitaji mitambo ya gharama. Linahitaji kuelewa safari tatu ambazo mwezi huzifanya kwa wakati mmoja.

Safari ya kwanza kila mtu anaijua. Mwezi huandama, hukua hadi ukawa mpevu, hupungua, kisha huandama tena. Mzunguko huo huchukua wastani wa siku 29.53. Jua hupatwa pale tu mwezi unapopita kati yetu na jua, yaani mwisho kabisa wa mwezi mwandamo. Wanaofuata kalenda ya Kiislamu wanaweza kulihakiki hili wenyewe: jua halipatwi tarehe 10 wala tarehe 15, hupatwa mwezi ukiwa 28 au 29, kabla hilali mpya haijaonekana. Wavuvi wa pwani wanazijua siku hizohizo kwa maji yake, kwa kuwa ni miongoni mwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana.

Kama safari ingekuwa hiyo moja tu, jua lingepatwa kila mwezi. Halipatwi kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ambayo jua huonekana kuipita angani. Mara nyingi mwezi hupita juu kidogo au chini kidogo ya jua, na kivuli chake hukosa dunia kabisa. Njia hizo mbili hukatana sehemu mbili tu. Mwezi huchukua siku 27.21 kutoka kwenye sehemu moja ya kukatana hadi kuirudia tena, na hiyo ndiyo safari ya pili.

Ya tatu ni ya umbali. Mwezi hauzunguki dunia kwa duara kamili. Kuna siku uko karibu na siku uko mbali, na kutoka ukaribu hadi ukaribu ni siku 27.55. Umbali huo ndio unaoamua aina ya tukio. Mwezi ukiwa karibu unaonekana mkubwa na kuliziba jua lote. Ukiwa mbali unaonekana mdogo, hivyo hubaki pete ya jua inayowaka pembeni, na hapo tunasema jua limepatwa kipete.

Sasa chukua kalamu na karatasi. Zidisha 29.53059 mara 223, utapata siku 6585.32. Zidisha 27.21222 mara 242, utapata siku 6585.36. Zidisha 27.55455 mara 239, utapata siku 6585.54. Safari tatu zenye urefu tofauti, na baada ya siku 6585 na kitu zote zinajikuta karibu pale zilipoanzia. Binafsi naona hili ni moja ya mambo ya kustaajabisha kuliko yote katika elimu ya falaki, kwa sababu hakuna sheria ya maumbile inayolazimisha hesabu hizo tatu zikubaliane kwa ukaribu namna hiyo. Lakini zinakubaliana. Muda huo ni miaka 18, siku 11 na saa 8 (siku zinaweza kuwa 10, kutegemea miaka mirefu, yenye siku 366, iliyopita katikati), na wanafalaki wanauita Sarosi. Tukio likitokea leo, baada ya Sarosi moja hutokea jingine lenye sura ileile, katika majira yaleyale ya mwaka, na mwezi ukiwa karibu umbali uleule. Matukio yanayofuatana hivyo, kila moja Sarosi moja baada ya jingine, ndiyo ninayoyaita ukoo mmoja.

Watu wa Babeli waliligundua jambo hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Hawakuwa na darubini. Walikuwa na uvumilivu, na mabamba ya udongo ambayo juu yake waliandika kila kupatwa kwa mwezi na kwa jua walikokuona, kizazi baada ya kizazi, mpaka mpangilio ukajitokeza wenyewe. Elimu hiyo ikawafikia Wagiriki. Mwaka 1901 wapiga mbizi wa sponji walitoa kwenye meli iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera kifaa cha shaba chenye magurudumu ya meno. Nyuma yake kuna njia iliyojizungusha mara nne, ikiwa imegawanywa visehemu 223, kimoja kwa kila mwezi mwandamo wa Sarosi. Pembeni kuna kiduara kidogo cha sehemu tatu: moja haina kitu, nyingine ina alama ya 8, ya tatu ina alama ya 16.

Hizo 8 na 16 ni saa, na ndizo zinazostahili kuangaliwa kwa makini zaidi.

Sarosi haimalizikii kwenye siku kamili. Inazidi kwa theluthi ya siku, takriban saa 8. Ndani ya saa hizo dunia inakuwa imejigeuza theluthi ya mzunguko wake, kwa hiyo kivuli hakirudi mahali palepale. Kinaangukia theluthi ya dunia upande wa magharibi. Fuata ukoo wetu. Baada ya 30 Juni 1973 katika Afrika, tukio lililofuata lilikuwa 11 Julai 1991, na kivuli kilipita Hawaii, Mexico na Amerika ya Kati hadi Brazil. Lililofuata lilikuwa 22 Julai 2009, likapita India na China na kuingia Bahari ya Pasifiki. Hatua ya tatu inakamilisha siku nzima, saa 8 mara tatu ikiwa ni 24, na kivuli kinarudi upande wetu wa dunia: 2 Agosti 2027.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotangaza kwamba kupatwa fulani "kutarudi baada ya miaka 18" bila kusema wapi. Mtu wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, aliyesubiri mwaka 1991 hakuona kitu. Kwa anayetaka kujua lini ukoo huo utarudi kwenye eneo lake, kipimo cha kutumia ni Sarosi tatu, yaani miaka 54 na mwezi mmoja hivi.

Rudi nyuma miaka 54 kutoka 1973, utafika 29 Mei 1919. Siku hiyo kivuli kilianzia Amerika ya Kusini, kikavuka Atlantiki, kikapita kisiwa cha Príncipe katika Ghuba ya Guinea, kikaingia Kongo na kuvuka Ziwa Tanganyika jua likielekea kuchwa. Pale Príncipe alikuwepo mwanafalaki Mwingereza Arthur Eddington, na kundi jingine lilikuwa Sobral, Brazil. Walipiga picha za nyota zilizoonekana kando ya jua lililozibwa, wakapima jinsi mwanga wake ulivyopindwa na uzito wa jua. Matokeo yalitangazwa London tarehe 6 Novemba 1919, na Albert Einstein, ambaye nadharia yake ilikuwa imetabiri kiasi hicho cha kupinda, akawa maarufu duniani kote. Giza refu la ukoo huu liliwasaidia.

Urefu huo una sababu zake. Katika karne ya ishirini matukio ya ukoo huu yaliangukia mwezi ukiwa karibu sana na dunia, kwa hiyo ulionekana mkubwa. Yaliangukia pia kati ya Mei na Julai, na dunia huwa mbali zaidi na jua mwanzoni mwa Julai, hivyo jua lilionekana dogo kidogo. Tena kivuli kilipita karibu na ikweta, ambako ardhi yenyewe huzunguka kwa kasi kubwa kuelekea mashariki, upande uleule kivuli kinakokimbilia, na hivyo hukichelewesha kumwacha mtazamaji. Kilele kilikuwa 20 Juni 1955, dakika 7 na sekunde 8. Tangu hapo muda unapungua: 7:04 mwaka 1973, 6:53 mwaka 1991, 6:39 mwaka 2009, na 6:23 mwaka 2027.

Kupungua huko kunatuonyesha kwamba ukoo una umri. Rudia zile hesabu za juu: 6585.32 na 6585.36 hazilingani kabisa, zinatofautiana kwa dakika 52 hivi. Kwa hiyo kila Sarosi mwezi unakuwa umesogea kidogo, karibu nusu nyuzi, ukilinganisha na ile sehemu ya kukatana. Ardhini, kivuli nacho kinasogea. Katika ukoo huu kinapanda kaskazini: mwaka 1919 kilipita Ziwa Tanganyika, mwaka 1973 kaskazini mwa Kenya, mwaka 2027 Misri na Yemen. Miaka 54 baadaye, tarehe 3 Septemba 2081, kitakuwa kimehamia Ufaransa, Ujerumani na Uturuki.

Wanafalaki wameupa ukoo huu namba 136. Ulianza tarehe 14 Juni 1360 kwa kivuli hafifu kilichogusa dunia karibu na ncha ya kusini. Utamalizika tarehe 30 Julai 2622 upande wa kaskazini, baada ya matukio 71. La mwaka 2027 ni la 38.

Koo za namna hii zilizo hai kwa wakati mmoja ni takriban 40, na matukio yake yanapishana, ndiyo maana kila mwaka jua hupatwa mara mbili au zaidi mahali fulani duniani. Watanzania wanaukumbuka ukoo namba 135, uliowapeleka watu Rujewa, wilayani Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016 kuona pete ya jua kwa takriban dakika 3. Huo ulikuwa umepita tayari juu ya Tanganyika tarehe 31 Julai 1962, nchi ikiwa na miezi michache tu ya uhuru. Wenyewe hausogei kaskazini, unashuka kusini, na utakaporudi upande huu tarehe 4 Oktoba 2070 njia yake itakuwa chini zaidi ya hapo. Kenya na Uganda zina kumbukumbu ya ukoo namba 141, wa tarehe 15 Januari 2010: mwezi ulikuwa mbali, na dunia mwezi huo huwa karibu na jua, hivyo pete ikadumu hadi dakika 11 na sekunde 8 mahali ilipodumu zaidi, katika Bahari ya Hindi.

Mwaka 2027 mimi ningependa kila shule itumie siku hiyo kufundishia, hata pale jua litakapofunikwa sehemu tu. Kenya na Uganda, na sehemu za Tanzania, zitaona jua limemegwa mchana, jua likiwa juu. Njia rahisi kuliko zote ni kipande cha karatasi ngumu chenye tundu dogo la sindano: lipe jua mgongo, acha mwanga upite tunduni na kuangukia karatasi nyingine nyeupe, na utaona umbo la jua lililomegwa likichorwa hapo. Kivuli cha mwembe hufanya kazi hiyohiyo bila vifaa. Madoa ya mwanga yanayopenya kati ya majani, ambayo siku zote ni ya mviringo, hugeuka yote kuwa hilali ndogondogo juu ya mchanga, na mtoto anaweza kuzichora kila baada ya dakika kumi.

Kuangalia jua lenyewe ni jambo jingine. Picha za eksirei, kioo kilichofukizwa moshi, CD na miwani ya kawaida ya jua havilindi macho, na beseni la maji ambalo wengi wetu tulilizoea nalo haliaminiki. Sehemu ya ndani ya jicho inayoungua haina hisia ya maumivu, kwa hiyo mtu huumia bila kujua. Tumia miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2, ikague kwanza kama haina mkwaruzo wala tundu, na msimamie mtoto anapoivaa. Wanaoruhusiwa kuivua kwa muda ni walio ndani ya njia ya kivuli kamili, Luxor au Makka kwa mfano, na kwa zile dakika chache tu ambazo jua limezibwa lote. Kenya, Uganda na Tanzania hazimo ndani ya njia hiyo, kwa hiyo kwetu siku hiyo hakutakuwa na dakika hata moja ya kuvua miwani.