Mafuta ya majani ya mkungumanga katika utengenezaji wa manukato

Wakulima wa viungo wa Unguja na Pemba huuthamini mkungumanga kwa ajili ya tunda lake, yaani kokwa ambayo ndiyo kungumanga yenyewe, pamoja na basibasi, ule utando mwekundu unaoizunguka. Majani huachwa yaoze chini ya mti. Hata hivyo, majani hayo nayo yana mafuta yenye harufu ambayo mafundi wa manukato huyatumia, na inafaa yaelezwe kwa uangalifu, kwa kuwa mara nyingi husifiwa kwa sifa ambazo ni za mafuta ya kokwa.

Mafuta haya hutolewa kwa mvuke, kwa njia ileile inayotumika kutoa mafuta ya makonyo (vikonyo) ya karafuu katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Mvuke hupita katikati ya majani, hubeba mafuta, kisha hupoozwa na kurudi kuwa kimiminika. Ipo tofauti moja ambayo mtu aliyezoea karafuu hana budi kuijua mapema. Mafuta ya makonyo, ambayo sehemu yake kubwa ni yujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, ni mazito kuliko maji na hutuama chini ya chombo, ilhali mafuta ya majani ya mkungumanga ni mepesi na huelea juu. Chombo cha kutenganishia kilichoundwa kwa ajili ya karafuu hakifai hapa bila kubadilishwa, la sivyo mafuta yatamwagika pamoja na maji. Mavuno nayo ni madogo: kokwa zilizokauka hutoa mafuta ya takriban asilimia 5 hadi 15 ya uzito wake, na majani hutoa kidogo sana kuliko hivyo.

Harufu yake hutokana kwa kiasi kikubwa na kemikali mbili za asili, alfa-pinini na sabinini, na ndiyo maana inapofika puani huwa mbichi na kali kidogo, yenye dalili ya utomvu wa msonobari, kabla ya ule uvuguvugu wa kiungo kujitokeza nyuma yake. Hupaa upesi, kwa hiyo fundi huitumia kuwa harufu ya kutangulia, pamoja na ndimu au lavenda, juu ya harufu zinazodumu kama vile sandali. Kwa maoni yangu, nafasi yake bora hapa kwetu ni katika marashi ya asumini na mlangilangi, ambayo utamu wake huweza kulemea. Matone machache ya mafuta haya huyapa wepesi. Katika udi wa kufukiza sioni faida yake, kwani moto huimaliza harufu hiyo mara moja.

Majani yatoke wapi, basi? Mkungumanga una mti dume na mti jike, na jinsia yake haijulikani mpaka utoe maua, jambo linaloweza kuchukua miaka 5 hadi 8. Mti dume mmoja hutosha kwa majike kama 10, na madume yanayozidi kwa kawaida hukatwa. Majani ya madume hayo, pamoja na yale ya matawi yanayopogolewa, ndiyo yanayostahili kutolewa mafuta. Kuupukutisha mti jike unaozaa ni kuunyima nguvu ya kulisha matunda, ambayo thamani yake ni kubwa zaidi.

Usalama wa mtumiaji unahitaji uzito uleule. Mafuta haya huwa na kemikali za miristisini na safroli kwa viwango vinavyobadilika, na safroli inahofiwa kusababisha saratani. Umoja wa Ulaya hauruhusu izidi sehemu 100 katika kila sehemu milioni ya kipodozi kilichokamilika. Anayekusudia kuuza nje apime kila pipa maabara kabla ya kufunga mkataba. Kwa matumizi ya nyumbani, mafuta haya yasinywewe, wala yasipakwe kwenye ngozi bila kuchanganywa na mafuta mengine, hasa kwa wajawazito na watoto. Yakikaa wazi, hewa huibadilisha pinini na kuifanya iwashe ngozi. Kwa sababu hiyo yahifadhiwe katika chupa za kioo cheusi, zilizojazwa hadi karibu na kizibo, mahali penye ubaridi, na yaliyochacha harufu yasitiwe katika marashi ya kujipaka.