Mapafu ya Kondoo Yasitenganishwe Kabla ya Mkaguzi Kufika

Iddi ya kuchinja ikikaribia, malalamiko kutoka Igoma, Nyakato na Kirumba, hapa Mwanza, huwa yaleyale: mkaguzi wa nyama kakuta nyama safi, kisha kachanachana mapafu na kuharibu kitoweo. Mwaka huu yamezidi, hivyo mimi kama mkaguzi naona ni vyema nieleze.

Tumbo na kifua cha kondoo hutenganishwa na kiwambo, na wengi huamini ugonjwa wa tumboni huishia hapo. Hauishii hapo. Limfu, yaani majimaji ya mwilini yanayochujwa na tezi, ya utumbo na maini hupanda juu. Sehemu kubwa huingia kwenye mfereji mmoja unaofuata uti wa mgongo, ukapenya kiwambo kando ya aota, mshipa mkuu wa damu itokayo moyoni, kisha ukamwaga kwenye vena kubwa, mshipa unaorudisha damu moyoni, upande wa kushoto, shingo inapoungana na kifua. Kiwambo chenyewe nacho, kikipanda na kushuka kwa pumzi, hufyonza majimaji ya tumboni na kuyapeleka kwenye tezi za kifuani.

Mojawapo ni tezi ndefu iliyolala juu ya umio, katikati ya mapafu. Hupokea limfu ya mapafu na pia sehemu ya ile inayotoka chini ya kiwambo. Hiyo ndiyo tunayoichana. Ikiwa nzima, ndani yake ni laini na yenye unyevunyevu. Ikiwa na jipu, hutoka usaha mzito wa rangi ya kijani hafifu, na jipu la siku nyingi huwa na matabaka kama kitunguu maji. Nikiliona hilo, narudi kukagua maini na figo upya, hata kama kwa nje havina doa.

Si kweli kwamba mkaguzi anatafuta nyama ya kubeba. Dhana hiyo inatuchelewesha sana.

Utaratibu ni huu: kondoo akaguliwe akiwa hai, akishachinjwa, maini, mapafu, moyo, bandama na utumbo vibaki vikijulikana ni vya kondoo yupi, pasikatwe kitu wala kuoshwa usaha, muhuri hugongwa mwisho. Mwenye bucha azingatie kwamba nyama isiyokaguliwa huzuiwa na kuteketezwa, naye anaweza kushtakiwa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 na Sheria ya Tasnia ya Nyama ya 2006 zipo, zisomwe.

Anayechinjia nyumbani amjulishe afisa mifugo wa kata siku moja kabla, ili tufike kabla mapafu hayajaingia kwenye sufuria ya supu.