Je, wajua kwa nini mchezaji wa wavuni katika tenisi ya wawili wawili hatulii mahali pamoja?

Anayeitazama tenisi ya wawili wawili kwa mara ya kwanza huwafuata kwa macho wale wanaopigiana mipira mirefu kutoka nyuma, na humwona yule aliyesimama mbele, hatua chache tu kutoka wavuni, kama mtu anayehangaika bila sababu. Anasogea kushoto, anarudi, anainama, anaruka kidogo, na mara nyingi pointi inakwisha hajaugusa mpira hata mara moja. Huko kuhangaika ndiyo kazi yenyewe. Mchezaji wa wavuni huhama kwa sababu eneo analolilinda nalo huhama kila mpira unapopigwa, na kwa sababu mahali alipo ndipo panapoamua mpinzani abaki na mapigo gani yaliyo salama kwake.

Tuanze na vipimo, maana bila hivyo mwendo wake hauna maelezo. Kiwanja kina urefu wa mita 23.77. Katika mchezo wa wawili wawili upana wake ni mita 10.97, kwa kuwa kanda mbili za pembeni, kila moja yenye upana wa mita 1.37, huongezwa juu ya zile mita 8.23 za mchezo wa mmoja mmoja. Wavu una kimo cha sentimita 91.4 katikati, lakini hupanda hadi sentimita 107 kwenye nguzo. Kwa upana kama huo ni rahisi kudhani kwamba wenzi wawili hugawana kiwanja nusu kwa nusu, kila mmoja akasimama katikati ya nusu yake akasubiri. Wachezaji wengi wanaoanza hufanya hivyo, na hapo ndipo wanapopoteza pointi ambazo zingeweza kuwa zao.

Kosa la hesabu hiyo ni kwamba mpira hauji kutoka kila mahali. Unatoka sehemu moja tu, pale mpinzani alipoupigia. Chukua mpira unaopigwa kutoka mstari wa nyuma wa upande wa pili, kisha vuta mistari miwili ya kufikirika kutoka mpira huo hadi kwenye pembe mbili za nyuma za kiwanja chako. Mipira mirefu yote inayoweza kuangukia ndani itapita kati ya mistari hiyo miwili, ambayo inaachana kadiri inavyoelekea nyuma yako. Ukisimama kwenye mstari wa sevu (sevu ni pigo la kuanzishia pointi), mita 6.40 kutoka wavuni, nafasi iliyo kati ya mistari hiyo ina upana wa takriban mita 8.4. Ukisogea hadi mita 3 kutoka wavuni, inakuwa kama mita 6.9. Ukifika mita 1, inashuka chini kidogo ya mita 6. Kwa hiyo kila hatua ya kwenda mbele inakupunguzia kazi ya pembeni, na inakuwezesha kuupiga mpira ukiwa bado juu ya kimo cha wavu, yaani kuupiga kuelekea chini badala ya kuunyanyua.

Mbona basi asijibandike wavuni kabisa? Sababu ya kwanza ni mpira wa kupandishwa juu: aliye mita 1 kutoka wavuni hawezi kuurudia mpira uliopita juu ya kichwa chake, na mpinzani yeyote mwenye macho ataliona hilo. Sababu ya pili ni sheria, kwa kuwa mchezaji akiugusa wavu kwa mwili, nguo au raketi wakati mpira ungali mchezoni, pointi inamwendea mpinzani. Sababu ya tatu ni muda. Mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa unakata karibu mita 28 kwa sekunde, hivyo kutoka mstari wa nyuma wa pili hadi kwa mtu aliye mita 3 kutoka wavuni unachukua nusu sekunde na kidogo tu. Hapo hakuna nafasi ya kuvuta raketi nyuma. Ndiyo maana voli nzuri, yaani pigo la mpira ambao haujadunda, huonekana fupi na kavu, raketi ikiwa mbele ya kifua tangu mwanzo. Kwa sababu hizo zote, wengi huchagua kuanzia mahali fulani katikati ya boksi la sevu, yaani eneo lililo kati ya wavu na mstari wa sevu, kisha husogea mbele wanapoona mpira dhaifu unakuja na kurudi nyuma wanapohisi utapandishwa.

Sasa tuingie katika mwendo wa kulia na kushoto, ambao kwa maoni yangu ndio unaowatenganisha wachezaji wazuri na wa kawaida. Ile nafasi iliyo kati ya mistari yetu miwili haikai mahali pamoja. Mpira ukihama mita 1 kwenda pembeni upande wa mpinzani, katikati ya nafasi hiyo inahama kuelekea upande uleule, na kwa aliye mita 3 kutoka wavuni inahama sentimita 37 hivi. Kanuni yake basi ni nyepesi kuitamka: ufuate mpira. Ukienda kushoto kwako, nenda kushoto. Ukirudi katikati, rudi katikati. Ugumu ni kuitii kanuni hiyo kwenye kila pigo, hata mapigo kumi ya mfululizo ambayo hayakuhusu.

Tazama pointi moja kwa karibu. Mwenzako anasevu kutoka upande wa kulia, nawe uko katika boksi la sevu la kushoto. Akiipeleka sevu katikati, kwenye T, yaani pale mstari wa kati unapokutana na mstari wa sevu, mpokeaji atarudisha mpira akiwa karibu na mstari wa kati, na kutoka hapo pembe kali za pande zote mbili zinamfungia. Ni wakati wako wa kusogea hatua moja kuelekea katikati, maana mipira yake mingi itapita hapo. Sevu ileile ikienda pembeni kabisa, mpokeaji anavutwa nje ya kiwanja, mbele ya uso wako, na mlango wa ukanda wa pembeni unafunguka. Kati ya hali hizo mbili, mpira umehama mita 4 na nusu hivi, na nawe huna budi kuhama mita 1.7 kwenda kushoto. Anayesimama palepale katika sevu zote mbili atakuwa amekosea angalau mara moja. Hii pia ndiyo sababu wenzi wanaofahamiana huelezana kabla ya kila sevu itakakoelekea, kwani wa mbele asipojua, ataanza kusogea akiwa amechelewa.

Hofu ya kupitwa ukandani ndiyo adui mkubwa wa mchezaji wa wavuni. Mpira wa kunyooka unaompita pembeni huonekana kama aibu yake binafsi, hivyo anauganda mstari wa pembeni na kuacha katikati wazi kwa mipira ambayo haionekani kuwa kosa la mtu. Lakini pigo la kunyooka ni gumu kulipiga. Wavu uko juu zaidi karibu na nguzo, na njia ni fupi zaidi: kutoka pembe hadi pembe ya mshazari kuna takriban mita 26.2, wakati njia ya kunyooka ina mita 23.77 tu za kuufanya mpira uanguke ndani. Mpinzani anayelazimishwa kulijaribu pigo hilo mara kwa mara atakosa zaidi ya anavyopata. Kupitwa mara moja moja ni gharama inayokubalika, na mchezaji asiyepitwa kamwe huenda amesimama mahali pasipomsumbua mtu.

Kabla tu mpinzani hajaugusa mpira, mchezaji wa wavuni huruka kidogo na kutua kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjwa. Mruko huo mdogo humwezesha kusukuma ardhi kuelekea upande wowote mara tu anapouona mwelekeo, na anayekuwa bado anatembea wakati mpira unapigwa huwa amekwisha kujifunga upande mmoja.

Kutoka katika mruko huo ndipo huzaliwa lile tendo linalopendwa kuliko yote katika mchezo huu: kuvuka upande wa mwenzako na kuukata mpira wa mshazari ukiwa hewani. Wengi huvuka sambamba na wavu, na kwa hiyo huukuta mpira ukiwa umekwisha kuzama. Njia sahihi ni ya mshazari, kwenda mbele kuelekea wavuni, kwa sababu ndiyo fupi na humkutanisha na mpira ukiwa juu. Wakati wake nao una ukingo mwembamba: akiondoka mapema, mpokeaji humwona na kupiga ukandani, akichelewa, mpira umekwenda. Huondoka mpokeaji anapoanza kuzungusha raketi mbele, macho yake yakiwa kwenye mpira. Voli yenyewe huelekezwa kwenye miguu ya mpinzani aliye karibu au kwenye pengo lililo kati yao, na aliyevuka haruhusiwi kujuta katikati ya njia. Anaendelea hadi upande wa pili, na mwenzake aliyesevu anakimbia kuziba upande ulioachwa.

Kwa kuwa kuvuka huko ni kwa watu wawili, lazima kukubaliwe mapema. Ndiyo maana utamwona wa mbele ameficha mkono mgongoni akionyesha ishara ya kubaki au ya kuvuka, au wote wawili wakinong'ona huku wamefunika midomo. Wengine huenda mbali zaidi kwa mpangilio wa I, ambapo mchezaji wa wavuni huchuchumaa karibu kabisa na mstari wa kati huku mwenzake akisevu kutoka nyuma yake, kisha huinuka na kukimbilia upande waliokubaliana. Sheria huwaruhusu kusimama popote upande wao. Hata hivyo, sevu ikimgonga mwenzake huyo huhesabiwa kuwa kosa la sevu, kwa hiyo kuchuchumaa chini hasa si mapambo.

Mwenzi wa mpokeaji ana kazi isiyosifiwa. Yeye huanza karibu na mstari wa sevu, na kwa wakati ule hatazami sana mpira uendao. Anamtazama mpinzani aliye wavuni upande wa pili. Mpira ukimpita mpinzani huyo, anasogea mbele na yeye sasa ndiye tishio. Ukikatwa, anabaki chini, raketi mbele, akilinda katikati, maana hapo ndipo voli nyingi huelekezwa.

Wachezaji Martina Navratilova na Pam Shriver, walioshinda pamoja mechi 109 mfululizo kati ya 1983 na 1985, walipenda kufika wavuni wote wawili. Wenzi wanapofika hivyo, huhama pamoja, wakitunza umbali wa takriban mita 3 hadi 4 kati yao. Mmoja akivutwa pembeni, mwingine humfuata. Pia hawasimami sawia. Aliye mbele ya mpira husogea karibu zaidi na wavu, na aliye upande wa mshazari hubaki hatua moja nyuma, kwa kuwa ndiye mwenye nafasi ya kuuona mpira wa katikati na wa juu. Mipira ya katikati, penye wavu mfupi kuliko kwingine, mara nyingi huwa yake, na ni heri wakubaliane hivyo kabla kuliko kutazamana mpira ukipita.

Na mpira unapopandishwa juu ya mmoja wao, swali la kwanza ni kama unaweza kushindiliwa kutoka hewani bila kuuacha udunde. Ukiwezekana, aliye chini yake anageuka ubavu na kurudi kwa hatua za kando, wala si kinyumenyume, na mwenzake anabaki mbele. Usipowezekana, wote wawili hurudi nyuma, hata yule ambaye mpira haukumpita, kwa sababu akibaki wavuni peke yake huku mwenzake akiunyanyua mpira kutoka nyuma, wapinzani watakuwa wamekwisha kuchukua wavu wao na atapigiwa miguuni kutoka karibu. Hukaa huko hadi wapate mpira mrefu wa kutosha kuwasukuma wapinzani nyuma, ndipo waanze kusogea mbele tena, wote kwa pamoja.