Barua za wasomaji wakati wa uchaguzi: dhana potofu na ukweli

Wapo wanaoamini kwamba siasa iliingia katika barua za wasomaji baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992. Moshi ina kumbukumbu za zamani zaidi ya hapo. Katika miaka ya 1950 gazeti la Komkya, lililokuwa la Baraza la Wachagga, lilichapisha barua za wasomaji wakati madaraka ya Thomas Marealle, Mangi Mkuu (chifu mkuu wa Wachagga), yalipokuwa yakibishaniwa, hadi kura ya mwaka 1960 ilipoamua kwamba Wachagga waongozwe na rais wa kuchaguliwa. Mwenye gazeti alikuwa utawala uleule uliokuwa ukijadiliwa. Leo pia, Uhuru ni gazeti la CCM na Habari Leo hutolewa na kampuni ya serikali, na mkazi wa Arusha anayeyanunua anapaswa kulizingatia hilo afikapo kwenye ukurasa wa maoni.

Dhana inayopotosha zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba barua nyingi za kumsifu mgombea ni dalili ya kuungwa mkono na wengi. Anayeandika ni mwenye nafasi na ari, au aliyetumwa. Kisha mhariri huchagua chache na kuzifupisha. Mwezi Oktoba 2003 nchini Marekani iligundulika kwamba magazeti 11 yalikuwa yamechapisha barua ya maneno yaleyale, kila moja ikiwa na jina la askari tofauti aliyekuwa Kirkuk, Iraq. Haikuwa kampeni ya uchaguzi, lakini njia ni hiyohiyo ambayo makada wanaweza kuitumia: kila mhariri aliona nakala moja tu, hivyo hakuwa na sababu ya kushuku. Anayesoma magazeti mawili au matatu kwa siku ana nafasi nzuri zaidi ya kuutambua mchezo huo.

Jina la bandia nalo halithibitishi kwamba barua ni ya uongo, kwani mwalimu au mtumishi wa umma anaweza kuwa na sababu ya haki ya kujificha.

Hatimaye, barua isipochapishwa si lazima mwanasiasa awe amepiga simu. Gazeti linaweza kushtakiwa kwa kashfa iliyomo katika barua ya msomaji, na kwa hofu hiyo pekee mhariri huweka kando tuhuma dhidi ya mgombea, hata zile ambazo wapigakura walistahili kuzisikia.