Mafuta ya nyonyo na nywele za pembeni

Wengi huamini kwamba mafuta ya nyonyo yakipakwa kila usiku huotesha nywele upya zilikonyonyoka, hasa pembeni mwa uso. Imani hii haikuzuka hewani: mafuta hulainisha nywele, zikapunguza kukatika, zikaonekana ndefu na nzito. Ila unywele hutengenezwa kwenye shina lililo ndani ya ngozi, na hakuna ushahidi thabiti kwamba mafuta hayo huliamsha.

Pembeni, mara nyingi chanzo ni kusuka kwa kubana. Ukiacha mapema, nywele hurudi. Mashina yakishageuka kovu, hazirudi. (Msusi mzuri hachukii ukimwambia unaumia.)

Kati ya dawa za kuotesha nywele, minoksidili, iliyoanza kama dawa ya shinikizo la damu, ni miongoni mwa zilizochunguzwa zaidi, na siku hizi watafiti wanapima vidonge vyake vya dozi ndogo. Nayo huchukua miezi kadhaa, wala haimfai kila mtu.

Tazama unywele uliodondoka: wenye kijivimbe cheupe mwishoni umeng’oka, usio nacho huenda umekatika tu. Piga picha kila mwezi, palepale, kwa mwanga uleule. Ngozi iking’aa bila vitundu vya nywele, muone daktari wa ngozi kabla ya kununua chupa nyingine.