Simu Kupata Joto Ikichajiwa Si Lazima Iwe Mbovu

Katika maduka ya Birere, mjini Goma, si ajabu kumkuta mteja amerudisha simu mpya akidai abadilishiwe kwa kuwa inapata joto ikichajiwa. Dhana kwamba joto lolote ni dalili ya ubovu si sahihi. Betri ya lithiamu iliyo ndani ya simu ina ukinzani wa ndani, yaani huzuia umeme kidogo, na umeme unapopita humo sehemu yake hugeuka kuwa joto, hasa kwa chaja ya kasi, ndiyo maana simu yenyewe hupunguza mwendo wa kuchaji joto likizidi.

Joto la kudaiwa garanti ni jingine: simu inaunguza mkono hata ikiwa imelala bila kutumiwa, au kioo kinaanza kubanduka ukingoni kwa sababu betri imevimba nyuma yake. Hapo chomoa chaja mara moja, wala usiibonyeze betri iliyovimba. Ubovu wa namna hiyo upo kweli: mwaka 2016 Samsung iliagiza Galaxy Note 7 zipatazo milioni 2.5 zirudishwe, na hata baadhi ya zilizotolewa badala yake zikashika moto.

Linalonisikitisha zaidi ni ushauri wa kuipoza simu kwenye friji. Unyevu wa hewa hugeuka matone ndani ya simu, na katika simu nyingi kuna kibandiko cheupe, mara nyingi kwenye tundu la kadi, ambacho kikiloa huwa chekundu; fundi akikiona, muuzaji amepata sababu ya kukataa garanti, hata kama betri ilikuwa mbovu tangu kiwandani.