Kanuni ya Dillon: Kwa Nini Ada za Mji Hujadiliwa na Bunge la Jimbo

Halmashauri ya mji nchini Marekani inapotaka kupandisha ada ya kibali cha ujenzi, au kununua gari la zimamoto bila kutangaza zabuni, mwanasheria wake haanzi kwa kuuliza kama jambo hilo lina manufaa. Anaanza kwa kuuliza kama bunge la jimbo limeliruhusu. Mazoea hayo yana mizizi katika msimamo wa kisheria unaoitwa Kanuni ya Dillon, na asiyeufahamu atashindwa kuelewa kwa nini wabunge wa jimbo zima, wengi wao wakiwa hawajawahi kuishi katika mji unaohusika, hutumia siku nyingi kubishana kuhusu ada za maji, za barabara na za viwanja vya michezo.

Kanuni yenyewe inasema hivi: serikali ya mtaa, iwe mji au kaunti, haina mamlaka ya asili. Inayo mamlaka yale tu iliyopewa kwa maneno ya wazi na bunge la jimbo, pamoja na yale ambayo lazima yaambatane na hayo, na yale ambayo bila hayo mji usingeweza kutimiza kazi ulioundiwa. Pakitokea shaka ya maana kama mji una uwezo fulani au hauna, shaka hiyo huamuliwa dhidi ya mji. Sehemu hii ya mwisho ndiyo yenye makali, kwa kuwa kila sheria iliyoandikwa kwa ufupi au kwa kusahau jambo hugeuka kuwa katazo kwa diwani.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuona jambo hili kuwa geni au kulitambua mara moja, kutegemea ametoka upande gani wa mpaka. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 209, imezipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya majengo na ardhi, kodi ya burudani na malipo ya huduma zinazotolewa, na Bunge la Taifa haliwezi kuufuta uwezo huo kwa sheria ya kawaida. Tanzania ina Ibara za 145 na 146 zinazotaka serikali za mitaa ziwepo, lakini vyanzo vya mapato vimeorodheshwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, ambayo Bunge linaweza kuirekebisha wakati wowote. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2017, ushuru wa mazao uliposhushwa kutoka 5% hadi 3% kwa mazao ya biashara na 2% kwa mazao ya chakula: wakulima wakapata nafuu, na halmashauri nyingi za vijijini zikalazimika kupanga upya bajeti zao. Katiba ya shirikisho la Marekani haina hata neno moja kuhusu miji wala kaunti. Inatambua ngazi mbili tu, shirikisho na majimbo, na yaliyo chini ya hapo yameachiwa kila jimbo lijipangie. Kwa mantiki, basi, mji wa Marekani unafanana zaidi na halmashauri ya Tanzania kuliko kaunti ya Kenya, ingawa ukubwa wake na utajiri wake huwafanya watu wadhani vinginevyo.

Jina la kanuni linatokana na John Forrest Dillon, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Mahakama Kuu ya jimbo la Iowa, ambaye mwaka 1868, katika kesi kati ya mji wa Clinton na kampuni ya reli, aliandika kwamba miji hupata uhai na haki zake zote kutoka kwa bunge la jimbo, na kwamba bunge lililoiumba linaweza pia kuifuta. Hakuyasema hayo kwa chuki dhidi ya miji. Katika miaka hiyo miji mingi ya Marekani ilikuwa ikikopa fedha nyingi ili kuzivutia kampuni za reli zipitishe njia kwao, na reli zilipochelewa au zisipofika kabisa, wakazi walibaki na deni. Dillon aliona kwamba asiyejua kujizuia anahitaji mtu wa kumzuia. Mwaka 1907 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwenda njia hiyohiyo ilipokubali mji wa Allegheny uunganishwe na Pittsburgh, jirani yake mkubwa, ingawa wapiga kura wengi wa Allegheny walikataa.

Upo msimamo wa pili unaoshindana na huu, nao ni kujitawala kwa miji: mji unaweza kufanya jambo lolote la ndani ambalo jimbo halijalikataza. Missouri ilitangulia mwaka 1875 kwa kuuweka ndani ya katiba yake. Iowa yenyewe, nyumbani kwa Dillon, iliirekebisha katiba yake mwaka 1968 na kutamka waziwazi kwamba kanuni ile si sehemu ya sheria za jimbo. Marekebisho hayo, hata hivyo, yaliacha kifungo kimoja ambacho kwa maoni yangu ndicho ufunguo wa mjadala wote: mji hauwezi kutoza kodi yoyote isipokuwa bunge la jimbo limeiruhusu waziwazi. Mji ukaachwa huru kutunga sheria ndogo za kila namna, lakini mkono wake ukazuiwa kuingia mfukoni mwa mkazi. Virginia, kwa upande mwingine, inaifuata Kanuni ya Dillon hadi leo.

Kuhusu manunuzi, mambo ni mepesi kidogo kueleza. Sheria ya jimbo huweka ukomo wa thamani; ununuzi ulio chini yake unaweza kufanywa kwa kukusanya bei kutoka kwa wauzaji wachache, na uliozidi lazima utangazwe kwa zabuni ya wazi. Mfano mzuri ni Texas. Ukomo wa miji ulikuwa dola 25,000, ukapandishwa hadi dola 50,000 mwaka 2007, na mwaka 2025 wabunge wakaufikisha dola 100,000. Ukivuka ukomo huo, mji hutangaza gazetini mara moja kwa wiki kwa wiki mbili mfululizo, tangazo la kwanza likitoka angalau siku 14 kabla ya kufungua bahasha, kisha hutoa kazi kwa mzabuni wa bei ya chini anayeaminika, au kwa yule ambaye bei na ubora wake kwa pamoja vinaupa mji faida kubwa zaidi. Dharura inayotishia uhai au mali, kwa mfano baada ya kimbunga, imesamehewa. Kuuvunja ununuzi mmoja vipande vipande ili kila kipande kibaki chini ya ukomo ni kosa la jinai, na ni vizuri iwe hivyo, kwa sababu hila hiyo ndiyo njia rahisi zaidi ya kumpa rafiki kazi ya umma bila ushindani.

Hoja za pande mbili bungeni hujirudia kila ukomo unapoletwa mezani. Miji husema bei za saruji, magari na mafuta zimepanda mno tangu takwimu ya zamani iandikwe, na kwamba kutangaza zabuni kwa ajili ya kitu kidogo kunagharimu muda na fedha kuliko kinachookolewa; mji mdogo wenye karani mmoja huumia zaidi. Wanaopinga husema kila dola inayoongezwa kwenye ukomo ni dola inayotoka kwenye macho ya umma, na kwamba mkandarasi mdogo asiye na jamaa katika ofisi ya mji husikia habari za kazi kupitia tangazo tu. Wote wana haki. Kinachonisumbua ni utaratibu wa kuiacha takwimu ile ile kwa miaka 18 halafu kuiongeza maradufu kwa mkupuo. Iowa imefanya busara zaidi: ukomo wake wa zabuni za ujenzi wa umma hupitiwa mara kwa mara na kamati maalumu kulingana na gharama za ujenzi, bila kungoja mvutano wa kisiasa.

Ada ndizo zenye uzito mkubwa zaidi, na hapa Kiswahili chenyewe kinatutaka tuwe waangalifu. Katika mazungumzo ya kila siku tunachanganya kodi, ushuru, ada na tozo, na tangu malipo ya miamala ya simu yaanze nchini Tanzania mwaka 2021 neno tozo limekuwa likibeba karibu kila kitu ambacho serikali inakata. Mahakama za Marekani haziwezi kuchanganya namna hiyo, kwa sababu matokeo ya kesi hutegemea neno. Ada ni malipo yanayolingana na huduma anayopata mlipaji au gharama ya kumsimamia: ukaguzi wa nyaya za nyumba yake, kibali cha duka lake, taka zilizochukuliwa mlangoni kwake. Kodi ni mchango wa kugharimia mahitaji ya umma kwa ujumla. Mji ukitoza kodi na kuiita ada, jina halitausaidia.

Mji wa West Des Moines, Iowa, ulilijua hilo mwaka 2002. Ulikuwa umeamua kwamba wanaojenga nyumba mpya walipie gharama za bustani za umma zitakazohitajika kwa ajili ya wakazi wapya. Chama cha wajenzi kikashtaki, na Mahakama Kuu ya jimbo ikasema kwamba bustani zinawanufaisha watu wote wa mji, kwa hiyo malipo yale ni kodi, na kodi hiyo haikuruhusiwa na bunge la jimbo. Mantiki ya mji ilikuwa ya haki kabisa, kwamba mwenye kuleta uhitaji auchangie. Kilichokosekana ni ruhusa.

Katika majimbo mengine bunge limeruhusu ada ya namna hiyo, kisha likaizungushia uzio. Florida ndiyo inayotajwa sana. Sheria yake ya mwaka 2021 inasema ada wanayotozwa wajenzi kwa ajili ya barabara au shule isipandishwe zaidi ya mara moja katika miaka minne, na isizidi nyongeza ya 50%. Nyongeza isiyozidi 25% igawanywe kwa miaka miwili, na iliyozidi hapo igawanywe kwa miaka minne. Tuseme ada ni dola 4,000 na kaunti inataka ifike dola 5,600, yaani nyongeza ya 40%. Haiwezi kuitoza yote mwakani. Itaongeza dola 400 kila mwaka kwa miaka minne. Ipo njia ya kutokea kwa mazingira yasiyo ya kawaida, nayo ilidai utafiti, mikutano miwili ya hadhara na theluthi mbili ya kura za madiwani, sharti ambalo tangu 2026 ni kura za madiwani wote. Wabunge waliounga mkono walizungumzia bei za nyumba. Madiwani waliopinga waliuliza nani atalipa tofauti, na swali hilo ni la kweli, maana barabara iliyojaa magari haingoji awamu ya nne.

Juu ya majimbo ipo pia Katiba ya shirikisho. Katika kaunti ya El Dorado, California, mwenye kiwanja alitakiwa kulipa dola 23,420 za ada ya athari za magari ili aruhusiwe kuweka nyumba moja iliyotengenezwa kiwandani. Aprili 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote wakikubaliana, ilisema kwamba ada haiepuki kipimo cha Katiba, yaani ihusiane na athari za ujenzi na ilingane nazo, kwa sababu tu imewekwa na chombo cha kutunga sheria badala ya ofisa mmoja. Haikusema kiasi kile ni kikubwa mno. Ilirudisha kesi chini ili suala hilo liamuliwe.

Kisa cha Des Moines kinaonyesha jinsi mambo haya yanavyomfikia mkazi wa kawaida, pamoja na familia nyingi zilizotoka Kongo, Burundi na Tanzania zinazoishi Iowa leo. Mji huo ulikuwa ukizitoza kampuni za umeme na gesi kwa haki ya kupitisha nyaya na mabomba katika barabara zake, na kampuni zikahamishia gharama hiyo kwenye ankara za wateja. Kuanzia mwaka 2004 kiwango kilipandishwa hadi kikafika 5%. Mkazi mmoja alishtaki kwa niaba ya wenzake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Iowa ikaamua kwamba mji unaweza kudai kiasi kinachohusiana kwa haki na gharama ya kuzikagua na kuzisimamia kampuni hizo, na kwamba kilichozidi ni kodi isiyo halali. Bunge la jimbo, likitambua kwamba miji mingi inategemea mapato hayo, lilipitisha sheria mwaka 2009 iliyoruhusu ada hadi 5% bila kuilinganisha na gharama. Ruhusa hiyo haikufuta yaliyotangulia, na mwaka 2012 mahakama ikathibitisha kwamba mji uwarudishie wateja takriban dola milioni 40.

Fedha hizo mji haukuwa nazo. Kuzipata kutoka kodi ya majengo kungewaangukia wenye nyumba peke yao, na taasisi zisizolipa kodi hiyo zisingechangia chochote. Ikabidi turudi pale pale: bunge la jimbo likafungua mlango mwingine, mji utoze nyongeza ya 2.5% kwa muda usiozidi miaka saba ili kulipa hukumu, kwa sharti kwamba wapiga kura wakubali. Mwaka 2014 wakazi wa Des Moines walipiga kura na kukubali ada ipande kutoka 5% hadi 7.5%, na marejesho ya ada isiyo halali yakaanza kulipiwa kupitia ankara zilezile za umeme na gesi, safari hii kwa ruhusa iliyoandikwa.